Mteremko Si wa Bure: Hoja Dhidi ya Sifa ya Kuachia Breki

Watu wa mbali hudhani nyanda za kati ni tambarare tupu ya mibuyu na vumbi. Anayezipita kwa baiskeli anajua zaidi. Kati ya Manyoni na Bahi ardhi inaporomoka ukingoni mwa Bonde la Ufa, pale Saranda na Kilimatinde. Kaskazini, barabara ya Kondoa kwenda Babati inakutana na milima ya Bereko. Mpwapwa wana Kiboriani. Singida wana Sekenke, mlima ambao madereva wa malori hawautaji kwa mzaha. Hata ndani ya jiji la Dodoma, anayetoka kwenye vilima vya Chuo Kikuu kuelekea mjini anakutana na lami inayoshuka na kumvuta. Na kila penye mteremko pana baiskeli: ya mkaa, ya kuni, ya madumu ya maji, ya mwanafunzi wa shule ya kata, na siku hizi ya kijana wa mjini aliyefunga simu kwenye usukani impimie mwendo.

Kwenye vijiwe vya mafundi, sokoni, hata barazani kwa wazee, hukumu kuhusu mteremko ni moja: mwanaume anaachia. Anayeshika breki tangu juu ni mwoga, au ni mgeni wa baiskeli. Anayefika chini shati likimpepea na machozi ya upepo yakimchuruzika anapokelewa kwa mbinja. Nimeisikia hukumu hii kwa watu wenye akili timamu, wacha Mungu, wanaowapenda watoto wao. Siwezi kuipuuza kana kwamba ni maneno ya walevi. Inastahili kujibiwa.

Nianze kwa kuieleza kama wenyewe wanavyoieleza. Wanasema mteremko ni malipo ya mlima: umepanda kwa jasho, una haki ya kushuka bila kazi. Wanasema mwendo ni ustadi, na kwamba baiskeli yenye mzigo inatulia ikikimbia na kuyumba ikitambaa. Wanasema hata mabingwa wa dunia wanashuka hivyo, tena kwa mwendo mkubwa zaidi. Wanasema anayeachia anahatarisha roho yake peke yake. Wanasema maskini anayewahi soko hana nafasi ya kubembeleza breki. Na yote yakishindikana, wanamalizia kwa methali: ajali haina kinga.

Hoja hizo sita zina mzizi mmoja. Zote zinampima mwendesha baiskeli kwa mwendo alioufikia. Lakini mteremkoni mwendo ni kazi ya mlima. Gunia la mkaa likiachiwa peke yake nalo litashuka kwa kasi, na hakuna atakayelisifia ujuzi. Kazi ya mtu mteremkoni ni moja: kuweza kupunguza na kusimama pale anapotaka. Anayeweza hilo ni dereva. Asiyeweza ni sehemu ya mzigo. Nitazichukua hoja zao moja moja.

1. "Umeulipia mlima kwa jasho, mteremko ni haki yako"

Hoja hii ina mvuto kwa sababu inaanza na ukweli. Mtu aliyekokota baiskeli ya mkaa mlimani, jua la Oktoba likimchoma kisogo, anastahili kupumzika. Kosa linaanza pale anapoambiwa kwamba nguvu aliyoitia kule nyuma sasa anarudishiwa kama zawadi. Nguvu hiyo kweli haijapotea. Imo ndani ya uzito alioupandisha, na wakati wa kushuka ni lazima itoke. Itatoka kwenye breki ikiwa joto, au itatoka ikiwa mwendo. Isipotolewa njiani kidogo kidogo, itatoka yote mahali pamoja, na mahali hapo huchaguliwa na shimo, au tuta, au ng'ombe anayevuka.

Tuhesabu. Mtu wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20, mzigo wa kilo 90: jumla kilo 170. Wakishuka mteremko ambao kimo chake ni mita 200, nguvu inayotakiwa kutolewa inakaribia ile ya kuchemsha lita moja ya maji ya bombani mpaka yatokote. Sehemu inachukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Inayobaki ni mali ya breki, na breki isipoichukua, inageuka mwendo.

Sasa zitazame breki zenyewe. Kwenye baiskeli nyingi za mizigo huku kwetu, Phoenix na za namna yake, breki ni vyuma virefu vinavyotoka kwenye usukani na kuvuta vipande vinne vya raba, viwili kwa kila gurudumu, vikabane ringi kwa upande wa ndani. Kila kipande hakizidi kidole gumba. Ringi ikijaa vumbi, raba inasagika. Ringi ikilowa mvua za kwanza za Desemba, chuma kinateleza na raba haishiki chochote. Baada ya miezi michache kipande kimoja kimekwisha upande, kingine kimedondoka njiani. Breki ya mbele ilifunguliwa zamani kwa sababu mwenye baiskeli aliambiwa itambinua. Hapo inabaki kandambili. Mguu unaondoka kwenye pedali, soli inakandamizwa juu ya tairi, na harufu ya mpira unaoungua inafika kabla ya baiskeli yenyewe.

Huyo ndiye anayeambiwa kwamba mteremko ni wa bure. Ukweli ni kwamba mteremko unadai kazi, kama mlima unavyodai, ila kazi yake ni ya mikono na ya subira. Anayeshuka polepole anazipa ringi nafasi ya kupoa. Anayesimama nusu ya njia akazigusa raba zake anajua kilichobaki. Na anayeshuka kwenye tandiko na kuikokota baiskeli mahali pakali zaidi ameamua mwenyewe nguvu ile itoke wapi.

2. "Mwendo ni ustadi, na baiskeli inatulia ikikimbia"

Nusu ya kauli hii ni kweli, nami naikubali. Baiskeli inayotambaa chini ya mwendo wa mtu anayetembea huyumba, na ikiwa na magunia huyumba zaidi. Anayejifunza kubeba mzigo anagundua siku ya kwanza kwamba kuongeza mwendo kidogo kunamsaidia kusimama wima. Lakini kwa utulivu huo kilomita 15 kwa saa zinatosha. Mtu aliyehitaji 15 akaenda 60 hawezi kusema alikuwa anatafuta utulivu.

Tena mwendo ukizidi, utulivu huo huo unageuka. Mzigo wa mkaa umepangwa juu na nyuma, umepita mhimili wa gurudumu la nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele limekuwa jepesi. Gololi za habu zimelegea, spoku mbili zimekatika, fremu imeungwa kwa moto. Katika mwendo fulani usukani unaanza kutetemeka, kushoto na kulia, haraka kuliko mkono unavyoweza kurekebisha. Waliowahi kushikwa na mtetemo huo wanasema kila walivyoukaza usukani ndivyo ulivyozidi. Anayefikwa na hali hiyo kwa mwendo wa 60 haongozi kitu. Anabebwa.

Na kuna hesabu ambayo wanaosifia mwendo hawaifanyi. Mwendo ukiongezeka mara tatu, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara tisa. Kwa breki nzuri na lami kavu, baiskeli iliyo kwenye kilomita 20 kwa saa inahitaji kama mita 5 tangu breki ishike. Kwenye 60 inahitaji mita 46. Ongeza sekunde moja ya kushtuka na kuamua: anayekwenda 20 anakuwa amesogea mita 5 na nusu, anayekwenda 60 karibu mita 17. Kwa hiyo mmoja anasimama ndani ya mita 11, mwingine ndani ya mita 63. Hizo ni za breki nzuri. Kwa raba zilizokwisha na kandambili, kwenye changarawe, sioni sababu ya kuhesabu.

Mita 63 kwenye barabara ya Haubi, kule Kondoa, au ya Kiboriani ni zaidi ya kona moja. Kondoa inajulikana kwa makorongo yake. Mmomonyoko wa ardhi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Ardhi ya namna hiyo inabadilika kila masika. Njia uliyoipita juzi ikiwa nzima, leo ina mfereji wa mchanga katikati. Anayejisifu kwamba mteremko huo anaujua kwa kichwa anakumbuka barabara ambayo haipo tena. Dereva mwenye ujuzi anashuka kwa mwendo wa kile anachokiona mbele yake, na hapiti kona kwa mwendo wa kumbukumbu.

3. "Hata mabingwa wa dunia wanashuka hivyo"

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Vijana wetu wengi waliyaona kwenye simu, na baadhi yao walirudi kwenye miteremko yao wakiwa na hamu mpya. Siwalaumu kwa hamu hiyo. Nawalaumu wakubwa waliowaachia waone nusu ya jambo.

Nusu nyingine ni hii. Barabara ya mashindano inafungwa: hakuna lori linalopanda, hakuna mama mwenye ndoo kichwani, hakuna mbuzi. Nyuma ya waendeshaji kuna gari la daktari. Kila kichwa kina kofia ngumu, na kofia hizo hazikuletwa na mapenzi ya mitindo. Shirikisho la dunia, UCI, lilizifanya za lazima mwaka 2003 baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kuanguka na kufa katika mashindano ya Paris–Nice. Mwaka 2021 shirikisho hilo likapiga marufuku mtindo wa kukalia bomba la juu la fremu wakati wa kushuka, mtindo uliokuwa ukiongeza mwendo na kupunguza uwezo wa kuiongoza baiskeli. Wenye mchezo wao, wenye vifaa bora kuliko vyote duniani, wamekuwa wakiweka vizuizi. Sisi wenye breki za kandambili tunavibeza.

Na pamoja na vizuizi hivyo vyote, wamezika watu. Wouter Weylandt wa Ubelgiji alikufa Mei 2011 akishuka Passo del Bocco katika Giro d'Italia. Gino Mäder wa Uswisi alianguka Juni 2023 akishuka mlima Albula, akafariki siku iliyofuata. Na aliye karibu nasi zaidi: Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, mtu aliyewafungulia njia vijana wengi wa Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwa kasi katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa mtaalamu aliyeishi kwa baiskeli, mwenye kifaa kizuri na kofia kichwani. Anayelitaja jina la bingwa ili kuhalalisha mwendo wake mteremkoni alitaje na jina hili.

Wapo pia wanaomtaja Éric Barone, Mfaransa aliyefika kilomita 227.72 kwa saa mwaka 2017 kwenye theluji ya Vars. Alivaa vazi maalumu, akateremka kwenye njia iliyolainishwa na kusafishwa kwa ajili yake tu, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kugonga. Kabla ya hapo, mwaka 2002, aliteremka mlima wa volkano wa Cerro Negro, Nicaragua, juu ya changarawe. Alipofika kilomita 172 kwa saa baiskeli ilivunjika chini yake, akaumia vibaya. Baiskeli hiyo iliundwa kwa kazi hiyo moja. Phoenix iliundwa kumpeleka mtu sokoni.

4. "Anahatarisha roho yake mwenyewe"

Hapa ndipo hasira yangu inapokuwa kubwa, kwa sababu hoja hii inajivika vazi la uhuru.

Tazama vijiji vyetu vinakaa wapi. Watu huishi chini ya mteremko, karibu na maji, karibu na kituo cha basi. Mwisho wa mteremko ndipo penye magenge, shule, kisima na watoto wanaovuka na madaftari. Ndiyo sababu barabara kuu zimewekewa matuta na alama za kilomita 50 kwa saa pale pale. Baiskeli inayofika hapo kwa mwendo wa 60 ikiwa na magunia imefika mahali penye watu wengi ikiwa na mwendo mkubwa kuliko ulioruhusiwa kwa gari, na breki ndogo kuliko za chombo chochote barabarani. Haina honi. Mara nyingi haina hata kengele. Mtu wa kugongwa anasikia upepo tu.

Mwendo wa 60 ukikomea mwilini mwa mtu ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 14. Bibi anayevuka na kuni hakuchagua kuanguka kutoka ghorofani.

Na baada ya hapo? Gari lina bima ya lazima kwa ajili ya mtu wa tatu. Baiskeli haina. Aliyegongwa na basi anaweza kudai fidia, hata kama njia ni ndefu. Aliyegongwa na baiskeli ya mkaa anamtazama kijana asiye na kitu, aliyelala naye kwenye wodi moja. Anayesema "roho yake" aende akamwambie huyo aliyegongwa.

Hata akianguka peke yake, haanguki peke yake. Kijiji kinachosema roho ni yake ndicho hicho kinachozungusha daftari la michango jioni ile. Mke wake anaacha kuvuna mtama akalale kwenye korido ya hospitali. Mbuzi wanauzwa, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa kiume anaacha shule kwa muda, na muda huo huwa mrefu. Mfupa wa paja hauungi kwa wiki mbili, na mtu wa mizigo asiyeweza kukanyaga pedali hana kazi nyingine ya kuangukia. Gharama hiyo yote haionekani popote. Aliyeanguka peke yake kwenye njia ya changarawe mara nyingi hapelekwi polisi. Anapelekwa kwa mganga wa mifupa au zahanati, na taarifa inaishia hapo. Tunaendelea kusema baiskeli haziui kwa sababu ajali zake hatuziandiki.

Kuna undumilakuwili hapa ambao ni lazima usemwe. Kijana akipita kwa kasi akafika salama, tunamwita shujaa. Yule yule, siku ya pili, kwa mwendo ule ule, akianguka, tunamwita mjinga. Hakubadilika yeye. Tulichokipima mara zote mbili ni bahati yake, tukaipa jina la ujuzi siku ya kwanza na jina la ujinga siku ya pili.

5. "Maskini anayewahi soko hana nafasi ya breki"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wanaoitoa ni watu wa kweli wenye njaa ya kweli. Nitaijibu kwa heshima, lakini nitaijibu kwa saa.

Chukua mteremko wa kilomita 3. Anayeushuka kwa kilomita 20 kwa saa anatumia dakika 9. Anayeushuka kwa 60 anatumia dakika 3. Ameokoa dakika 6. Kabla ya hapo alikokota baiskeli mlimani karibu saa nzima. Baada ya hapo atasimama juani akisubiri mnunuzi, pengine hadi alasiri. Hakuna soko la mkaa Dodoma linalofungwa kwa sababu ya dakika 6. Muda wa mchukuzi wa mkaa unaliwa na umbali wa msitu, vizuizi vya barabarani na mnunuzi anayevuta bei. Mteremko haumpi muda wowote wa maana. Unampa hisia ya kuwahi.

Kinyume chake, unamlia mali. Spoku zinakatika, ringi inapinda, tairi linapasuka, gunia linachanika na mkaa kugeuka vumbi. Siku moja kwa fundi inakula akiba yote ya dakika alizookoa kwa miezi. Na raba za breki, zile anazoambiwa ni anasa, ni kati ya vitu vya bei ya chini kabisa kwenye kibanda cha fundi. Faida ya gunia moja inazinunua na chenji kubaki.

Umaskini, basi, ni sababu ya kushika breki. Tajiri akivunjika mguu ana gari, ana akiba, ana mtu wa kumwachia duka. Mchukuzi wa mkaa mtaji wake wote ni miguu miwili na baiskeli moja, na mteremko unavitaka vyote kwa pamoja. Kumwambia mtu wa namna hiyo aachie kwa kuwa ni maskini ni kumshauri aweke dau kitu pekee alichonacho.

Tuangalie na majirani. Burundi wana vijana wanaoshusha ndizi na mkaa kwa baiskeli kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mteremko mrefu wenye kona kali, na kurudi juu wakiwa wamening'inia nyuma ya malori. Picha zao zimezunguka dunia, na waliozipiga wamewasifu kwa ujasiri. Machi 2022 Serikali ya huko ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura, ikitaja ajali. Waliozifurahia picha hawakuathirika. Waliopoteza riziki ni wenye baiskeli, pamoja na wale walioshuka kwa uangalifu miaka yote. Jamii inayougeuza mwendokasi kuwa sifa inamwandalia mtawala sababu ya kukifuta chombo kizima, na siku hiyo breki na kasi vitahukumiwa sawa.

6. "Ajali haina kinga"

Methali hii ni nzuri pale inapomfariji mfiwa. Inapotolewa kabla ya msiba, kama ruhusa, inageuka uongo.

Wanaoitamka hawaiamini wenyewe. Tazama mkaa ulivyofungwa: kamba za mpira zimezungushwa mara tatu, zikakazwa kwa kijiti, mdomo wa gunia umezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba. Hakuna aliyesema mkaa kumwagika hakuna kinga. Kinga imewekwa kwa mikono na kwa muda wa kutosha, kwa sababu mkaa una bei. Juu ya mzigo huo uliokingwa vizuri ameketi mtu asiye na breki ya mbele, asiye na kitu kichwani. Sheria inamtaka mwendesha bodaboda avae kofia ngumu. Mwenye baiskeli anayefika mwendo ule ule wa bodaboda mteremkoni hajaambiwa chochote na mtu yeyote, na sisi tunamalizia kwa methali.

Ajali za mteremkoni zina sababu zinazojulikana: mwendo, raba zilizokwisha, mzigo uliopangwa juu, kona isiyoonekana, giza la alfajiri bila taa. Kila moja ina kinga yake. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Jambo linalopanda na kushuka pamoja na mwendo haliwezi kuitwa ajali isiyo na kinga.

Tunalotakiwa kulifanya

Sitaki vijana waache baiskeli. Baiskeli imewabeba watu wa nyanda za kati kwa vizazi, imewafikisha watoto shule na wagonjwa zahanati. Kwa sababu hiyo ninataka tuache kuiharibia jina.

Kila mmoja ana sehemu yake. Fundi asiirudishe barabarani baiskeli ya mizigo isiyo na breki zote mbili, hata mwenyewe akibisha, na amwambie wazi kwamba breki ya mbele haibinui ikitumiwa pamoja na ya nyuma, kwa kukaza taratibu, kabla ya kona badala ya ndani yake. Mnunuzi wa mkaa aache kumsifia anayefika wa kwanza. Mwalimu wa shule ya kata ambaye nusu ya darasa lake linakuja kwa baiskeli azikague raba zao kama anavyokagua kucha. Wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, wanapochora barabara yenye mteremko, waache bega pana la kupita baiskeli, lisilo na ukingo uliokatika, ili anayeshuka polepole asisukumwe na lori. Kijana mwenye simu ya kupima mwendo aitafute barabara iliyofungwa na klabu yenye kocha, na avae kofia. Hapo nitampigia makofi kama wengine.

Lakini kazi ya kwanza ni ya midomo yetu, kwa sababu sifa ndiyo inayowafungulia vijana breki. Kuanzia sasa anayetaka kujua nani anajua baiskeli asikae chini ya mlima kutazama nani anakuja kwa kasi. Apande juu, amkute mtu na mzigo wake kamili, amwambie: anza kushuka, na nikikuita, simama. Atakayesimama ndani ya hatua chache, magunia yakiwa wima na mguu mmoja chini, ndiye fundi wa mteremko. Asiyeweza bado hajajua kuendesha, hata kama jana alifika chini kabla ya wote, na anayempigia mbinja ana sehemu yake katika kitakachompata.